Msimu wa Bata Ulipofunguliwa Juu ya Vichwa Vyetu

Mume wangu alilala rumande kwa sababu ya bata mmoja. Hakuwa bata wa mtu. Alikuwa bata bukini wa porini, wale wakubwa wa kahawia wanaoshuka alfajiri kwa makundi na kukaa shambani kama wenye shamba. Siku hiyo walishuka kwenye kitalu chetu cha mpunga, kule bondeni upande wa chini wa Kikwe, wakaanza kung'oa miche. Mume wangu akarusha rungu. Mmoja akaanguka. Askari wa wanyamapori aliyekuwa akipita kwa pikipiki alimkuta bado amemshika shingo.

"Msimu haujafunguliwa," askari alimwambia.

"Msimu wa nini?"

"Wa kuwinda. Unafunguliwa mwezi wa saba."

"Bwana mkubwa, mwezi wa saba nitavuna nini, kama hawa wanamaliza kitalu sasa hivi mwezi wa tatu?"

Askari alijibu kwa pingu. Nilipokwenda kituoni na chai kwenye chupa, walinifundisha kwamba bata ni mali ya serikali. Niliuliza kama hasara nayo ni ya serikali. Wakaniambia nipunguze mdomo, mwalimu mzima.

Nilikuwa mwalimu kweli, wa shule ya msingi, lakini miaka ile ualimu peke yake haukumlisha mtu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya mjini Arusha yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, na viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipunguzwa kazi kiwandani akakaa Moshono katika chumba cha kupanga, anakonda. Mwaka huohuo akapata kazi mpya. Alitujia Jumapili moja amevaa sare ya kijani na kofia, ametakata.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe wangu, kisha akatugeukia sisi. "Nimepata kampuni. Tunaleta wageni kuwinda bata. Mimi ndiye nitakayewaonyesha mahali."

"Mahali gani?" niliuliza.

"Si hapa kwetu bondeni? Nani anapajua kama mimi?"

Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa Kimeru, kwa sauti. Hata mimi nilifurahi, maana kijana yule alikuwa amekaribia kuharibika.

Mwezi wa saba mpunga uliiva. Asubuhi ya kwanza ya msimu tulikuwa ndani ya majaruba tangu jua halijatoka, wanawake peke yetu, tunakata. Hakuna aliyetuambia kitu. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa jaruba la jirani na langu. Alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kwaya akikata, na mundu wake ulifuata mapigo. Bata waliruka kutoka kwenye matete, kundi zima, wakapita juu yetu. Halafu matete yenyewe yakalipuka.

Nilidhani ni radi. Wifi alikuwa amesimama kunyoosha mgongo. Nilimwona anakaa majini taratibu, kama mtu aliyeambiwa aketi.

"Nani ananirushia mawe?" aliuliza.

Uso wake ulikuwa na vitone vyekundu, kama mtu aliyeumwa na mbu wengi. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Alipolifumbua halikuwa jicho tena. Nilipiga yowe ambalo hadi leo sijui lilitoka wapi ndani yangu.

Wa kwanza kutufikia alikuwa shemeji, anakimbia, bado ameshika bata wawili kwa miguu. Alipoona ni dada yake wa tumbo moja aliwaangusha majini.

"Mlikuwa mnafanya nini huku?" alisema. "Leo msimu umefunguliwa! Si tangazo lilibandikwa?"

"Lilibandikwa wapi?"

"Ofisini kwetu. Themi."

Themi! Mjini! Tulitakiwa tuache mpunga, tupande gari hadi mjini, tukasome ukutani kwamba tutapigwa risasi asubuhi. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa kanisani hasemi, na mama mkwe alikuwepo, na hakunikataza.

Wageni walikuwa wanaume watatu wenye mvi. Mmoja alikuwa analia. Gari lao ndilo lililompeleka wifi hospitali, siwezi kuwanyima hilo. Daktari alitoa marisau shavuni, vile vichembe vidogo vya risasi, akaviweka kwenye bakuli. Jicho hakuweza kulirudisha. Mwenye kampuni, mtu anayeongea Kiswahili kizuri kuliko mimi, alifika wodini na kuiita ajali. Aliitamka mara nyingi, ajali, ajali, mpaka neno likakosa maana.

Siku chache baadaye shemeji alikuja nyumbani na mtungo wa bata.

"Ofisi imewatumia kitoweo," alisema akiangalia chini. "Kwa pole. Wageni hawawali, wanapiga tu."

Nilichukua ule mtungo nikautupe chooni. Mama mkwe akaninyang'anya. Alichemsha maji, akaketi kwenye kigoda na kuwanyonyoa wote, manyoya yakijaa mapajani, machozi yakimtoka, akawapika na ndizi. Kwake chakula hakitupwi, hata kiletwe na shetani. Na mimi nilikula. Nyama ilikuwa tamu, na utamu ule ulinikasirisha kuliko kitu chochote. Mume wangu alitafuna kitu kigumu, akakitema kiganjani. Risasi. Tulikiangalia kile kichembe, kisha yeye akasukuma sahani na kutoka nje. Mwaka ule alikuwa amefungwa kwa bata mmoja.

Mwaka uliofuata tulisikia kuna kikao cha wadau cha kupanga tarehe za msimu. Neno wadau lilikuwa jipya siku hizo, na nikaona kama kuna mdau basi ni sisi. Nilikwenda na wifi, amejifunga mtandio uliofunika upande wa jicho. Ukumbini kulikuwa na soda na biskuti. Mwenye kampuni alikaa mbele, karibu na afisa mwenyekiti, wanacheka.

Nilisubiri zamu yangu. Nikasimama nikasema hatukatai mtu kuwinda. Tunaomba msimu ufunguliwe tukishavuna, majaruba yakiwa matupu, na mkulima asifungwe akilinda kitalu chake. Basi.

Afisa alitabasamu. "Mama, tumekusikia. Lakini tarehe hizi zinapangwa kitaalamu."

"Utaalamu gani?"

Mwenye kampuni ndiye aliyejibu. "Mwalimu, wageni wetu wanapata likizo mwezi wa saba. Kwao ni kiangazi, shule zimefungwa. Mwezi wa tisa hawaji. Na wasipokuja, vijana wenu hawana kazi. Shemeji yako hana kazi."

Nilitazama ukumbi mzima nikitegemea mtu atacheka, au atashtuka. Hakuna. Watu waliendelea kunywa soda. Mpunga wetu uive kwa kufuata shule za Ulaya!

Wifi alisimama bila kuombwa. Akavua mtandio. "Mwaka jana mlinipata mimi," alisema. "Mwaka huu mnataka nani?"

Afisa aliandika kitu, akasema pendekezo limepokelewa. Msimu ulifunguliwa mwezi wa saba, kama kawaida.

Ila safari hii tulijua siku. Tulipanga baada ya ibada, nyuma ya kanisa, wanawake wa bonde zima, na wale wa Kiislamu kutoka mjini waliokodi majaruba tukawaambia pia. Alfajiri tulishuka na madebe, masufuria, mifuniko, hata kengele ya shule niliibeba. Gari lilipoegeshwa na wageni wakaingia kwenye matete, tulianza. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Bata waliinuka kutoka bonde zima, bukini na bata maji wadogo pamoja, wakazunguka mara moja juu sana, kisha wakaelekea kusini hadi wakaisha machoni. Sisi tukaendelea kupiga madebe bila ndege hata mmoja, kwa hasira tu.

Shemeji alinijia kwenye tuta, sare imelowa hadi magotini.

"Shemeji, nakuomba. Nyamazisheni. Watanifukuza."

"Mwambie bosi wako aje aninyamazishe mwenyewe."

"Nina watoto, shemeji. Unataka nikale wapi?"

"Nenda kamuulize dada yako."

Dada yake alikuwa nyuma yangu, anapiga sufuria. Hakuacha kupiga, na hakumwangalia.

Polisi walikuja saa za mchana, wakatuuliza nani kiongozi. Tukasema hatuna kiongozi, tunafukuza ndege wa mpunga, kuna sheria gani inayokataza mtu kupiga debe shambani kwake? Walikaa kidogo wakaondoka. Kampuni ilivumilia hivyo kwa siku kadhaa, kisha ikang'oa hema. Shemeji alifukuzwa kweli. Alirudi Moshono, baadaye akaenda Mererani kuchimba madini, na kwa miaka mingi alikuwa akija nyumbani anamsalimia kila mtu na kuniruka mimi. Sikumlaumu, lakini sikumwomba radhi pia. Nilimtaka awe upande wa dada yake, na nilijua kwamba upande huo haukuwa na chakula.

Kampuni haikufa. Ilihamia kwenye kinamasi kingine, mbali upande wa tambarare, na msimu ukabaki mwezi wa saba. Tuliposikia, wifi alisema lazima wanawake wa huko waambiwe. Tukaenda, mimi na yeye, Jumamosi moja. Walitupokea vizuri, wakatupa maziwa. Mama mmoja aliyekuwa mkubwa wao alimsikiliza wifi hadi mwisho, akaligusa shavu lake pale penye makovu.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Lakini vijana wetu wamepata kazi. Msituletee ugomvi wenu."

Wifi alimshukuru kwa maziwa. Njiani kurudi nilikuwa natukana hewa, nikimtukana afisa na mwenye kampuni na yule mama pia. Wifi alinisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniambia ninyamaze, kichwa kinamuuma.