Makunyanzi ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Bi Nukta, maana kazi yake ndiyo hiyo: kuweka nukta kwenye kompyuta na kuvuta mstari kutoka nukta hii hadi ile, mpaka picha iliyofifia iwe safi, tayari kuchapwa kwenye fulana. Mama mkwe wake aliiita kazi hiyo kubofyabofya. Hakusema kwa ubaya, lakini neno hilo lilimkaa Bi Nukta rohoni.

Basi mama mkwe akatimiza miaka sabini, na wanawe wakataka fulana zenye sura yake. Bi Nukta akaipokea kazi kwa mikono miwili. Safari hii, aliwaza, atanijua mimi ni nani.

Ila uso wa mzee si mchezo. Makunyanzi yalikuwa membamba, na mistari myembamba iliyosongamana hujaa wino kwenye kitambaa, ikawa doa. Akayafuta ya paji la uso, akayafuta ya mashavu, na kufumba na kufumbua uso chini ya kilemba ukawa laini kama sahani. Akaichapa picha kwenye karatasi, akaipeleka sebuleni, kifua mbele.

Mama mkwe akavaa miwani, akatazama, akaguna. Kisha akamwita mwanawe, mume wa Bi Nukta, akaishika karatasi kando ya shavu lake.

"Mwanangu, kilemba ulivaa lini?"

Na kweli, picha ilikuwa mume wake kabisa. Walicheka wote, Bi Nukta naye akicheka huku aibu inamla. Lakini hapohapo akaona jambo: mama mkwe akicheka, mikunjo miwili chini ya macho hupanda, na mmoja hujikunja kando ya mdomo. Mingine yote ilikuwa umri tu. Hiyo mitatu ndiyo ilikuwa mama.

"Mama, tafadhali, usiache kucheka."

Akaileta kompyuta palepale, akachora mistari mitatu, minene ya kutosha, mama mkwe akimsimamia begani na kulalamika kwamba amezeeka, ndiyo, lakini si kiasi hicho.

Siku ya sherehe jirani aliuliza nani kamchora vizuri hivyo. Mama mkwe akajibu kwamba ni mwanawe. Jirani akamgeukia mwana wa kiume, haamini.

"Huyo hata mkate hakati ukanyooka," alisema mama mkwe. "Namsema yule binti yangu pale. Ana kazi ngumu sana yule."

Bi Nukta alikuwa amebeba sinia la vikombe. Ilibidi aliweke chini kwanza.