Theluthi Iliyonipeleka Kipili

Nilikwenda Kipili kwa sababu nilikosa uongo wa kukataa. Mwalimu Skolastika, anayefundisha hisabati darasa la nne huko ziwani, alinialika mbele ya walimu wote wa kundi letu la mtandaoni: niende nikamwoneshe lile somo langu la sehemu, maana darasa lake limekwama. Walimu wakamwaga vidole gumba. Katika kundi lile mimi ni mtu mkubwa. Picha za wanafunzi wangu wameketi kwa vikundi, na kila kundi lina karatasi zilizogawanywa nusu, robo na theluthi, zimezunguka mkoa mzima. Wasichojua ni kwamba karatasi nilizikata mwenyewe nyumbani kwa rula, na nikishapiga picha watoto hurudisha madawati kwenye mistari, nami naendelea kuandika ubaoni kama siku zote.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Sumbawanga, mji ninakofundisha, nikitetemeka. Sisi tuliotoka Mbeya hujidai baridi tunaijua, lakini ya huku Ufipa haina utani. Basi lilipopita mashamba ya ulezi nikafungua simu ili nijiandae. Nikakuta swali la Skolastika la miezi mitatu nyuma: watoto wanakunjaje theluthi? Nilikuwa nimemjibu kwa emoji ya ua, basi.

Namanyere nilipanda bodaboda. Tukaanza kushuka kuelekea ziwani, joto likapanda, nikavua koti. Dereva aliposikia mimi ni mwalimu wa hisabati akanisifu mpaka nikatamani tairi lipasuke turudi.

Kipili, mchana. Skolastika alininawisha mikono, akaniwekea ugali na samaki wa ziwani, migebuka, akanitambulisha kwa mama yake kuwa ndiye yule mwalimu wa kwenye simu. Nilimwamkia mama shikamoo huku nikitazama chini. Baada ya kula, Skolastika akaleta daftari. Kila nilichowahi kutuma kundini alikuwa amekinakili kwa mkono, na pembeni ameandika kilichotokea darasani kwake. Kwenye ukurasa wa theluthi aliandika: "Nimeshindwa. Nirudie." Chini yake tena: "Nimeshindwa."

Ijumaa, kipindi cha kwanza, nilisimama mbele ya darasa lake. Nusu walikunja vizuri, robo pia. Tulipofika theluthi nikawaambia wakunje mara tatu, kila mtoto akatoka na ukubwa wake. Nikachukua karatasi nikunje mimi. Kipande kimoja kikawa kipana, viwili vyembamba. Nikarudia, ikawa vilevile. Watoto walitazama karatasi yangu, kisha wakamtazama mwalimu wao. Jasho lilinitoka, na si la joto la ziwani.

Nilimwomba Skolastika tutoke nje. "Mwalimu," nikasema, "somo hili sijawahi kulifundisha. Nilipanga picha tu."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

"Miezi mitatu," akasema, "nilidhani mwenye matatizo ni mimi. Nilitaka kumwomba mwalimu mkuu aninyang'anye hisabati."

Sina aibu nyingine ya kulinganisha na ile. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, alisema watoto wanasubiri, tuingie. Ndani akachana ukurasa wa daftari lake lilelile, akakata ukanda wenye nafasi kumi na mbili kati ya mistari, akawaambia wahesabu nne, wakunje, wahesabu nne tena. Theluthi zikatoka sawasawa. Mimi nilikuwa nikiwagawia watoto karatasi.

Jumamosi, njiani kurudi, niliandika kundini kila kitu: picha za kupanga, ua nililotuma, na njia ya nafasi kumi na mbili pamoja na jina la aliyeigundua. Nilijifunza kwamba mtu anayejisifia kazi asiyoifanya humfanya anayeifanya kweli ajione mjinga. Wachache walinijibu. Wengi walimwuliza Skolastika maswali, naye akawajibu yote.

Jumatatu, Sumbawanga. Niliwaambia wanafunzi wangu wakae kwa vikundi. Walivuta madawati haraka, wakanyoosha migongo, wakatabasamu kunielekea, wakatulia.

Nikawaambia leo sipigi picha.

Msichana wa kundi la mbele akanyoosha mkono. "Kwa hiyo turudishe madawati, mwalimu?"