Saa Aliyoichagua kwa Sikio

Jina la Mama Kesho nilimpa mimi, na leo naliombea radhi. Mimi ni mshonaji, na mshonaji kumcheka mtu kwa ajili ya kesho ni yale yale ya nyani haoni kundule. Lakini yeye alinizidi. Maduka yetu yalitenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwa miaka kumi na minane nilimsikia akiwaambia watu walioshika redio zao mkononi, "Njoo kesho, asubuhi na mapema." Kesho yake wakija walimkuta kainamia redio nyingine, chuma cha kulehemu mkononi, hajui kama ni asubuhi au jioni.

Si mvivu, jamani. Sijaona mwanamke wa kumshinda kwa bidii. Ila akishafungua kifaa, dunia yote humtoka. Redio za dukani kwake zilitangaza saa mchana kutwa, lakini yeye alisikiliza mkwaruzo, si maneno. Simu yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa kudumu: leo haina kioo, kesho betri kaazimwa mteja.

Kuna siku moja iliyomkaa kooni. Binti yake, mtoto wa pekee, alipokuwa na miaka kumi alipewa zawadi ya hesabu mbele ya shule nzima. Mama aliahidi kwenda. Alipofika, alimkuta mlinzi wa shule akipandanisha viti ili avirudishe stoo. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi, kisanduku cha zawadi mapajani, akamwambia kwa upole, "Walinipigia makofi, mama." Hakulia, na hilo ndilo lililomchoma mama mpaka leo.

Sasa binti alikuwa amemaliza uuguzi. Jumamosi, saa tisa alasiri, angeitwa mbele ya ukumbi apewe cheti. Wiki moja kabla, Mama Kesho alifunga duka mchana, jambo ambalo sijapata kuliona, akavuka barabara kwenda kwa mzee fundi saa. Nilimfuata. Umbea? Ndiyo, umbea.

"Nataka saa," alisema. "Isiyo na betri."

"Za betri ndizo zinazokwenda sawasawa, mwanangu."

"Betri nazijua, mzee wangu. Kila siku nazizika. Zinakufa bila kuaga. Nipe ya kutia ufunguo, ili ikisimama nijue kosa ni langu."

Mzee aliweka tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ya rangi ya dhahabu, pana kama kifuniko cha birika. Mimi ningeichukua palepale. Ya pili nyembamba, ya kike, mkanda mwekundu. Ya tatu ya chuma kitupu, kioo kina mkwaruzo, namba kubwa nyeusi. Mama Kesho hakuitazama hata moja. Alifumba macho, akaziweka sikioni moja moja.

"Hii inachechemea," alisema, akairudisha ya dhahabu. Ile nyembamba nayo: "Hii imechoka, ila inaona haya kusema." Ile ya chuma alikaa nayo mpaka nikaanza kusikia njaa. "Hii ina moyo. Nifungie hii."

Mzee alivua miwani. "Ile ya dhahabu kweli ina kasoro, nilipanga kuifungua kesho kutwa. Umejuaje?"

"Na mimi si fundi?"

Alirudi akiwa ameutanguliza mkono mbele, kama aliyebeba uji wa moto.

Siku mbili za kwanza hakuivua hata kulala. Siku ya tatu tone la risasi ya kulehemu lilikosa kioo chake kidogo tu, na tangu hapo akawa anaivua akiwa kazini. Na tangu hapo saa ikaanza kukimbia. Jioni ilikuwa imetangulia kwa dakika hamsini. Akaipunguza, kesho yake ikakimbia tena. Mtaa ukapata la kusema: "Mama Kesho kanunua saa ya kesho!" Nami nilicheka, nisiseme uongo.

Alhamisi aliipunguza mara mbili kwa kusahau, akaja kujaribu gauni lake saa nzima baada ya wakati tuliopatana. Nilikuwa na pini mdomoni simu yake ilipolia. Alikuwa binti.

"Mama, usijitese. Jumamosi wateja wakikuzuia, nitakuletea picha."

Alipokata simu, alikaa juu ya vitambaa vyangu. "Ameshanisamehe hata sijakosa," alisema. "Heri angenigombeza." Nilitoa pini mdomoni, basi.

Ijumaa aliingia kwa mzee, nami nyuma yake, kama anayekuja kukamata mtu. "Umeniuzia farasi, mzee, si saa!"

Mzee aliifungua, akaweka lenzi jichoni. "Kamani ndogo, huu waya wa kujisokota unaopima mwendo, mizunguko yake imeshikana, ndiyo maana inakimbia. Niachie wiki moja niioshe."

"Sherehe ni kesho! Kesho saa tisa!" Kwa mara ya kwanza nilimsikia akilitaja neno kesho kwa hofu.

Mzee alikuna kidevu. "Hebu niambie. Ukiivua, unaiweka wapi?"

"Pale ninapoweka skrubu zangu zisipotee. Mgongoni mwa ile spika ku…"

Hakumaliza. Hata mimi nilipajua: spika kubwa kuukuu iliyolala kifudifudi mezani kwake, mgongo umejaa skrubu zilizonaswa. Mama Kesho alijipiga paji la uso. "Sumaku! Mimi, fundi mzima, nimeilaza saa juu ya sumaku!"

"Ndiyo maana imeshikana," mzee akasema. "Zamani nilikuwa na chombo cha kuondoa sumaku. Kiliungua, na sijapata kingine."

"Mimi ninacho."

Tukavuka barabara sote watatu. Nyuma ya duka lake, chini ya maganda ya televisheni za chogo, alichomoa duara la waya nene. Alilitumia zamani kusafisha vioo vya televisheni vilivyoingiwa na madoa ya rangi kwa sababu ya sumaku. Alilichomeka kwenye umeme, likavuma. Akaipitisha saa katikati, akaivuta nje polepole, akirudi nyuma hatua kwa hatua, ndipo akaniambia nizime.

Mzee alitazama kwa lenzi. "Imeachana. Miaka arobaini natengeneza saa, leo nafundishwa na fundi redio." Mama Kesho aliiweka sikioni, na uso wake ukafunguka kabla hajasema neno. "Moyo umerudi," alisema. Alituacha hapo, akaenda kuiweka spika juu kabisa ya kabati.

Jumamosi gauni lilikuwa tayari tangu asubuhi, na naomba hilo lijulikane. Lakini mteja mmoja alinikamata kwa pindo la suruali yake, nikafika ukumbini nahema, saa tisa na dakika ishirini. Nilimtafuta Mama Kesho kwenye viti vya nyuma. Hayupo. Nikasema moyoni, tumekwisha. Kisha nikaona mkono unanipungia kutoka safu ya kwanza kabisa. Mkoba wake ulikuwa umenishikia kiti.

"Umechelewa," aliniambia, na raha aliyoipata kulitamka neno lile siwezi kuieleza. Mlinzi wa ukumbi alinisimulia baadaye kwamba Mama Kesho alifika viti havijapangwa, akamsaidia kuvipanga.

Jina la binti likaitwa. Alipanda jukwaani, na macho yake yakaenda moja kwa moja nyuma, mlangoni, yalikozoea kumtafuta mama. Yakangoja huko kidogo. Kisha yakaanza kurudi, yameshakubali.

"Niko huku, mwanangu!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mama Kesho alikuwa amesimama, mkono wa saa juu. Mgeni rasmi alibaki amenyoosha cheti hewani, kwa sababu binti alikuwa ameangua kilio, kile alichokizuia kwenye ngazi za shule akiwa na miaka kumi. Safari hii mama yake alikuwepo kukiona. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.