Redio ya Mama Siku ya Mafundi

Kila nikipita mbele ya fundi wa simu akiyeyusha bati kwa chuma chake cha moto, ile harufu kali inanishika pua na kunirudisha kijijini kwetu Mushaki, kule Masisi, kwenye uwanja wa shule, nikiwa na miaka tisa na akili ya mbuzi aliyekata kamba. Nyinyi mnaonijua mtasema akili ingali ile ile. Sawa. Lakini hii sijawahi kuwasimulia, kwa sababu haichekeshi vizuri.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya mafundi. Baada ya misa Papa, baba yetu, alitutoa wote tukaangalie. Kwenye kila meza waliandika: "Gusa mwenyewe." Kulikuwa na baiskeli isiyoenda popote, unaikanyaga mpaka taa iwake. Papa, mtu wa ng'ombe, aliikanyaga na mabuti yake ya mpira mpaka taa ikaungua. "Ng'ombe iko rahisi," akasema akishuka.

Mama peke yake hakugusa kitu. Alibeba redio, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Kaka yetu mkubwa, Faustin, alikuwa ameenda kuchimba dhahabu kule Omate, na wiki mbili kabla tulisikia shimo moja limeporomoka huko. Kila saa sita mchana redio ilisoma majina ya waliokutwa wamekufa chini. Saa hiyo, kwetu hata nzi walinyamaza. Betri zikichoka, Mama alizianika juani juu ya paa. Mimi kimya kile kilinichosha. Faustin atarudi na pikipiki na miwani nyeusi, basi, maneno ya nini?

Mama alipompeleka dada yangu mdogo chooni, akanipa redio. "Shika vizuri. Usiicheze."

Nilishika vizuri, dakika mbili hivi. Kulikuwa na meza moja ambako watoto waliruhusiwa kufungua vyombo vilivyokufa. Nilitoa betri, nikazitia mfukoni, nikamwambia dada fundi wa meza ile, kwa uso wa mfiwa: "Hii yetu ilikufaka zamani." Akaniamini.

Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Skrubu nne, na mbele yangu mji mzima wa vijumba vya rangi na vijia vya shaba. Nikavuta waya mwekundu nione unaishia wapi. Uliishia mkononi mwangu.

Ndipo Mama alipotokea, na Papa nyuma yake. Papa aliangalia ile mifupa ya redio, akaniangalia mimi. "Wee mutoto," akasema polepole, "unajua umefanya nini?"

Dada fundi aliona haya kuliko mimi. Akashika chuma chake, bati likaanza kutoa moshi. "Mama, usijali. Ni waya moja tu. Dakika tano njo imeisha."

"Iache," Mama akasema.

"Ni bure, Mama."

"Nimesema iache."

"Mama Faustin," Papa akasema, "na matangazo?"

Mama alikusanya vipande vyote, hata skrubu. Kengele ya kanisa ilipiga saa sita wakati anafunga fundo la kitenge, nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Njiani alininunulia muhindi wa kuchoma, mzima, wangu peke yangu. Nikautafuna nikijiona mjanja wa Masisi yote: nimeua redio, nimepewa muhindi.

Sasa najifunza elektroniki shuleni. Faustin hajarudi, wala hakuna aliyetuletea jina lake. Majirani wana redio, lakini Mama huwatembelea asubuhi tu. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile alinisamehe. Nilichelewa sana kuelewa kwamba redio iliyokufa haiwezi kusoma jina la mtu.

Wiki iliyopita nilishusha kile kitenge kutoka juu ya kabati, nikakifungua. Waya mwekundu bado uko, na mahali pake napajua. Dakika tano. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia.

Nikakifunga tena, fundo lile lile, nikamwuliza kama maziwa yameshachemka.