Miguu ya Khalayi

Khalayi alikata miwa kule Mayoni miaka kumi na mitano, kisha akaja kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu katika klabu moja mjini Kakamega. Mwaka huu klabu hiyo ilitafuta mtu wa kuwafundisha wanaoanza. Aliitaka sana kazi hiyo, kwa sababu mgongo ulikuwa umechoka na mizigo.

Siku ya kujaribiwa, mpira wake wa kwanza ulibingirika hatua chache tu. Wa pili vivyo hivyo.

"Mama, mbona umesimama kama nguzo ya stima?" akauliza Phanuel, mwalimu wa klabu aliyekuwa akimjaribu.

"Kwa miwa, mguu ukisogea panga linakukata."

"Hapa hakuna panga! Fimbo ikipanda, egemea mguu wa kulia. Ikishuka, hamia wa kushoto, geuza nyonga, kisigino cha kulia kiinuke chenyewe."

Khalayi alivuta pumzi, akapiga. Kisigino kiliinuka. Mpira ukapaa, ukaangukia karibu na bendera.

"Kumbe miguu unayo!" Phanuel akacheka. "Na mchezo wenyewe umeshaujua kwa kubeba mifuko. Jumatatu njoo ufundishe. Mizigo waachie wengine."

Khalayi aliketi pale pale kwenye nyasi, akanyoosha mgongo wake taratibu, akamshukuru Mungu kwa sauti.