Mama Tanuri na Moto wa Milele

Jumapili ambayo katekista alihubiri jehanamu, kanisa zima lilinywea, isipokuwa benchi la tatu, ambako Mama Tanuri alikuwa akisinzia. Msimlaumu. Mtu aliyeoka mikate kwa miaka thelathini na nne, nyusi zimeungua na kuota tena hata hakumbuki mara ngapi, humtishi kwa moto. Tena alikuwa na hoja za kitaalamu.

"Anasema huko kuna moto, halafu kuna giza totoro," alimnong'oneza jirani yake alipozinduka. "Moto gani huo? Tanuri langu likiwaka, hata panya wa uvunguni namwona masharubu."

Jirani akakohoa ili kuficha kicheko. Katekista akawakata jicho wote wawili.

Katekista huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Marehemu alikuwa fundi baiskeli, mtu wa watu, mwenye kosa moja tu mbele ya kanisa: hakubatizwa. Kila alipoitwa alijibu kwamba Mungu akimhitaji, anajua karakana ilipo. Akafariki ghafla, spana mkononi, kabla Mungu hajapita. Au labda ndiyo siku aliyopita, mimi sijui.

Sasa, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kanisani husomwa majina ya marehemu ili waombewe. Mama Tanuri alipeleka jina la mumewe mara mbili, na mara zote mbili katekista akalipiga mstari kwa kalamu nyekundu.

"Waliokufa nje ya ubatizo hatuwasomi, shemeji," alimwambia kwa upole. "Aliko hakuombewi."

Hilo ndilo lililomuuma. Moto aliuzoea. Kilichomkosesha raha ni kufikiri kwamba mzee wake yuko peke yake huko aliko, na huku duniani hakuna hata mtu mmoja anayemtaja. Hata wateja wa karakana, wakikutana na Mama Tanuri, waliongelea mvua.

Jumamosi, siku moja kabla ya majina kusomwa tena, katekista alipita kuchukua mkate wake, juu ya baiskeli ambayo kaka yake alimfungia breki bure. Alimkuta Mama Tanuri ndiyo kwanza amemaliza kuvuta makaa nje ya tanuri.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri," alisema. "Mikono yangu imejaa unga. Hebu nipimie moto."

Mahali pale hapakuwa na kipimajoto. Mama Tanuri alipima kama mama yake alivyomfundisha: unaingiza mkono mpaka kiwiko, unahesabu polepole. Ukifika nane bila kuuchomoa, mikate iingie. Ukishindwa njiani, tanuri bado lina hasira, liache lipoe.

Katekista alikunja shati, akapiga moyo konde, akaingiza mkono.

"Moja. Mbili. Ta..." Akauchomoa, akaupuliza, akatamka neno ambalo sitaliandika hapa, maana ni mtumishi.

"Hata tatu hukuimaliza," alisema Mama Tanuri. "Na kaka yako atahesabu mpaka ngapi?"

Katekista alikuwa akitafuta maji. "Si mimi niliyemtia huko, shemeji."

"Sijasema ni wewe. Nauliza tu, kwa kuwa wewe umesoma. Mimi nawasha moto huu kila siku, na sijawahi kuuwasha ili mkate uungue. Ukiungua kwa bahati mbaya, nakwangua ganda, ndani unalika. Sasa huyo aliyemfinyanga kaka yako kwa mikono yake, mimi nimzidi huruma?"

Katekista akakaa juu ya gunia la unga, suruali yake nyeusi ikageuka nyeupe nyuma, wala hakujali.

"Unadhani mimi nalala?" alisema. "Yule ndiye aliyenifundisha baiskeli. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, jua kali, mpaka nikaweza. Naogopa, shemeji. Nikimsoma, naogopa nimevunja sheria. Nisipomsoma, namwogopa yeye siku tukionana."

Mama Tanuri alikuwa amejiandaa kumsema mpaka amalize ya moyoni, lakini akaenda kuchota maji. Akamwagia shemeji yake maji baridi mkononi, taratibu. Hakumwambia kwamba alijua fika tanuri linahitaji nusu saa zaidi, wala kwamba ule unga aliupaka mikononi alipoona baiskeli ikikata kona.

Kesho yake katekista alisoma majina, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Alipomaliza jina la mwisho hakukunja karatasi. Alisimama akiitazama. Watu wakaanza kukohoa na kusogeza miguu. Benchi la tatu, Mama Tanuri, macho makavu, hana hata lepe la usingizi, alijikuta akihesabu kama anavyohesabu mkono ukiwa ndani ya tanuri. Tano. Sita. Saba.

Alipofika nane, shemeji yake akalitaja jina la kaka yake, lote, pamoja na la baba yao.

Mama Tanuri akalia palepale bila kujificha. Tangu mazishi, hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa mtu mwingine.