Sayari ya Mbuzi

Juzi, pale wanapochajia simu, nilimuona kijana anacheza ule mchezo wa kuruka angani, na wivu wangu wa zamani ukaamka.

Nilipokuwa mdogo, Ya Riziki, yaani dada Riziki, binti wa baba mkubwa, alikuja kwetu Kasongo na kompyuta kutoka Salamabila. Jenereta ilinguruma uani, harufu ya petroli ikichanganyika na ya mawese jikoni. Katika mchezo huo, anayefika kwenye sayari wa kwanza ndiye anayeipa jina. Moja akaipa jina la bibi, nyingine la mama yake, nyingine la mbuzi wao.

"Ya Riziki, na miye?" nilinong'ona.

"Weye ngoja kwanza. Sayari ziko karibu kuisha."

Nikaamini. Kila alipoandika jina, nilisogea karibu zaidi na kioo, mpaka petroli ikaisha na kioo kikazimika.

"Pole, mudogo yangu. Yako ndiyo ilikuwa inafuata."

Miaka yote nilimchukia yule mbuzi.

Juzi nikajikaza, nikamuuliza kijana zimebaki sayari ngapi. Akacheka sana.

"Dada, hizi haziishi! Hata wajukuu wako hawatazimaliza."

Nikarudi nyumbani. Mbuzi nimemsamehe. Ya Riziki, bado.